Kijiko Kidogo cha Mo

Jumamosi moja sokoni Kondele, Laban Wesonga, afisa wa lishe mwenye shati jeupe lililopigwa pasi barabara, aliinamia meza ya Seline akaonja mo, siagi ya ng'ombe ambayo mamake Seline huisukasuka kibuyuni kule Pap Onditi.

"Tamu," akasema. "Lakini moyo hauipendi sana. Margarini laini ya mafuta ya mimea ni afadhali."

"Daktari, unanunua ama unahubiri?"

Akanunua. Wiki iliyofuata akarudi, na nyingine tena, hata Seline akaanza kuuzia siagi ndani ya gauni la samawati la kwendea kanisani. Mapenzi ni kikohozi. Soko zima lilijua. Kila mchana Laban alimpigia simu.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Mkate na mo."

"Umepaka nyembamba?"

"Nene kama kidole chako. Kuja unishike."

Kisha Agneta, muuza nyanya wa meza ya jirani, akarudi kutoka kliniki anakofanya kazi Laban. "Seline, bwana yako ameambia watu mo inaua."

Siku hiyo wateja watatu walimpita wakitazama pembeni. Seline akazima simu bila kumuuliza Laban neno. Hapo alikosea, nami sitamtetea.

Baada ya wiki mbili za kununa, alikwenda nyumbani Pap Onditi kuchukua mo. Akamkuta Laban sebuleni. Agneta, roho ikimsuta, alikuwa amemwelekeza. Mama alikuwa amemwekea ugali na mboga ya osuga, ikimetameta kwa mo. Kwao mgeni akikataa chakula cha kwanza, ameikataa nyumba. Seline akasimama mlangoni. Laban akikataa, yameisha. Akisifu tu, basi ni mwongo.

Laban akamega, akachovya, akala.

"Mama, hii ni tamu kushinda margarini yoyote. Lakini kliniki nilisema mo iwe kijiko kidogo, na mwenye shida ya moyo atumie ile laini. Sikusema inaua. Hata hapa kwako siwezi kusema ingine."

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nyathina, mwanangu, huyu hajui kudanganya hata akiwa na njaa."

Seline akaketi kando yake. "Mos, pole, Laban. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza."

Seline akachukua kijiko kidogo, akachota mo, akaidondosha kwenye mboga ya Laban. "Kutoka leo, ya kwako nitapima mimi."

"Jumapili tu, nikija kukutembelea?" akauliza Laban.

"Kila siku," akasema Seline, mamake akisikia.