Sabuni Kwenye Mkanda

Iiiiii! Hivyo ndivyo pikapu ya dobi ilivyolia kila alfajiri. Mtaa mzima uliamka kwa sauti hiyo.

"Dobi," jirani alisema juu ya ukuta, "gari lako limemnyang'anya jogoo wangu kazi. Siku hizi anangoja lilie kwanza."

Mke wa dobi hakucheka. Mgongo ulimuuma. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Alikuwa akikunja shuka za zahanati ya wazazi na kuzifunga mabunda. Akina mama waliojifungua ndio waliozilalia. Kila asubuhi zilitakiwa zifike kabla vitanda havijatandikwa. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha nyumba yao.

Dobi alifungua boneti. Injini ilikuwa inaunguruma. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakisugua kwenye mkanda uliokuwa unazunguka.

"Mkono wako, baba watoto! Mkanda utakumeza!"

"Nimezoea." Kelele zikapungua, zikaisha. "Umeona? Limenyamaza."

"Limenyamaza, au limezibwa mdomo?"

Dobi alifunga boneti. Tangu mvua zianze, alikuwa akinunua mkanda mpya, unakatika, ananunua mwingine.

"Tumwite wifi yangu," mke alisema. Wifi yake alikuwa mdogo wa dobi, fundi wa magari katika gereji ya karibu.

"Yule? Nimembeba mgongoni. Nimemfuta kamasi. Leo anifundishe gari langu?"

"Kamasi zilikauka zamani."

Walipakia mabunda, wakaondoka. Hawakufika mbali. Kitu kilipiga pa! ndani ya boneti. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Muda si muda mvuke ukaanza kutoka. Dobi akazima gari kando ya barabara, akaegemeza kichwa kwenye usukani.

Walibeba mabunda kichwani, wakaenda wakirudi mpaka yakaisha. Katika safari ya mwisho, miguu ya mke wa dobi ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Muuguzi mkuu aliwasubiri mlangoni. Nyuma yake mzazi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti na mtoto mchanga, akingoja kitanda kitandikwe.

"Nimewaonea huruma vya kutosha," muuguzi alisema. "Mkichelewa tena, natafuta dobi mwingine. Mzazi hawezi kulala kwenye godoro tupu."

Nje ya geti, mke wa dobi alitoa simu. Alimtazama mumewe. Mumewe akatazama viatu vyake.

"Haya, mpigie," alisema.

Wifi aliwakuta kando ya gari, akiwa na mfuko wa spana na mkanda wa akiba. Hakuanza kufunga. Kwanza aliuokota ule uliokatika, akaunusa.

"Kaka, gari lako linaoga?"

"Sabuni kidogo tu. Lilikuwa linapiga kelele."

"Mtoto akilia unampaka sabuni mdomoni?"

Mke wa dobi alicheka, ingawa kucheka kwenyewe kulimchosha.

"Tazameni," wifi alisema. "Mkanda umelika upande mmoja. Kuna kitu kinaukata. Sabuni inafanya uteleze zaidi. Mkanda huu unazungusha pampu ya maji na altaneta inayochaji betri. Ukikatika, injini inachemka. Ukiendesha hivyo, unaiua."

"Na nani anaukata?"

"Namshuku huyu." Alimulika tochi kwenye gurudumu dogo la chuma chini, mbele ya injini. "Hii ni puli ya shafti kuu. Ndiyo inayoivuta mikanda yote. Imeundwa kwa vipande viwili: kitovu cha ndani na pete ya nje. Katikati pana mpira. Mpira ukioza, pete inateleza na kuyumba. Nipe sabuni yako."

"Si umesema ni mbaya?"

"Nipe tu."

Injini ilikuwa imezimwa. Wifi alichora kwa sabuni mstari mweupe mmoja, kutoka kwenye kitovu hadi kwenye pete. Akafunga mkanda wa akiba, akajaza maji baada ya injini kupoa. Wakarudi nyumbani polepole.

Uani, alizima injini na kumulika tena. Mstari ulikuwa umekatika. Nusu moja ilikuwa juu, nusu nyingine ilikuwa imehama kabisa.

Dobi aliinama, akagusa mstari kwa kidole. "Kumbe nilikuwa nanunua chakula cha huyu."

"Ndiyo. Badilisha mikanda mpaka uzeeke, puli hii itaila."

Walinunua puli mpya ya gari la aina ile ile, na mikanda yote miwili. Kazi ilianza injini ilipokuwa baridi kabisa.

"Kwanza, toa waya wa hasi kwenye betri," wifi alisema. "Gari lisije likawaka mkono ukiwa ndani. Weka mawe kwenye matairi. Halafu chora njia ya mikanda kwenye boksi. Usiamini kichwa, hasa kikichoka."

Dobi alichora. Walitoa feni ili wapate nafasi. Wifi akalegeza boliti za altaneta, akaisukuma ndani, na mkanda ukatoka bila kulazimishwa. Wa pili nao ukatoka. Boliti zikaanza kuzagaa chini.

"Ngoja," dobi alisema. Alitandika shuka kuukuu, akazipanga kwa safu, kila boliti na mahali ilipotoka. "Nguo za watu hazichanganywi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Hapo kaka umenifunza," wifi alisema.

Boliti kubwa ya puli ilikuwa imekaza. Wifi aliweka gia ya juu. "Wifi, panda ukanyage breki, injini isizunguke. Usiachie mpaka niseme."

"Miguu yangu imechoka mpaka kwenye nyayo."

"Ichoke kidogo tena."

Alikanyaga. Dobi na dada yake walivuta spana yenye mpini mrefu. Ka! Boliti ikakubali.

Puli ilikataa kutoka. Dobi akashika nyundo.

"Weka chini! Ukiipiga, unaumiza shafti." Wifi alileta pula, chuma chenye skrubu katikati. Aliifunga kwenye matundu ya kitovu. "Hatuvuti ukingoni, tunavuta kwenye kitovu." Alikaza skrubu taratibu, na puli ikaja yenyewe.

Kwenye shafti palikuwa na kijichuma kidogo kama punje ya mahindi. "Hiki ndicho kinachoshikanisha puli na shafti. Kikipotea, puli itazunguka peke yake." Dobi akakiweka katikati ya shuka. Wifi akakagua kama oili inavuja hapo. Haikuvuja. Akafuta vumbi, akarudisha kijichuma, na puli mpya ikaingia juu yake. Boliti aliikaza kwa spana inayopima nguvu. "Kila gari lina kipimo chake. Usikisie."

Walifunga mikanda kwa kufuata mchoro wa dobi. Wifi aliivuta, kisha akaibonyeza kwa dole gumba. "Ibonyee kidogo tu. Ikilegea, itapiga kelele. Ikikaza sana, itaua beringi za pampu na altaneta. Baada ya wiki nipigie tuipime tena. Mkanda mpya hulegea. Na gari likiwaka, mikono mbali." Wakarudisha feni na waya wa betri, wakaondoa mawe.

Alfajiri iliyofuata, dobi alizungusha ufunguo. Mke wake alikuwa amepandisha mabega, akingoja lile yowe. Halikuja. Injini iliunguruma tu, chini chini. Mabega yakashuka.

Siku hiyo shuka zilifika kabla ya wauguzi wa zamu. Na kesho yake. Na keshokutwa. Wiki ilipopita, dobi alimpigia dada yake mwenyewe, bila kusukumwa. Muuguzi mkuu akaongeza mabunda ya wodi ya pili.

Asubuhi moja jirani alichungulia ukutani, shati halijafungwa vifungo. "Dobi! Nimechelewa kazini! Mbona gari halikulia?"

"Mrudishie jogoo kazi yake," mke wa dobi alimjibu.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanyoosha miguu. Pikapu ilikuwa imeshatoka getini, na hakusikia kitu. Kwenye ukingo wa ukuta palikuwa na kile kipande cha sabuni, kimekauka, kina alama ya grisi. Aliikwangua alama kwa ukucha, akakitumbukiza kwenye beseni. Shuka za wodi ya pili zilikuwa zinamsubiri.