Msomaji Namba 417

Koti Jeupe alikuwa anashuka ngazi mbio, begi la kompyuta amelikumbatia kifuani kama mama mwenye kichanga.

Msumari alikuwa ghorofa moja juu yake.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi. Ghorofa ya saba. Lifti haifanyi kazi, kwa sababu Msumari mwenyewe ameikata waya. Miaka kumi na tisa ya ujasusi ilimfundisha kwamba mwizi mnene hapendi ngazi.

"Mkuu, nimemwona."

"Diski anayo?" sauti iliuliza sikioni mwake.

"Anayo."

Diski yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja. Ndani yake mlikuwa na vitabu elfu nane vilivyosomwa kwa sauti, mali ya Maktaba ya Wasioona.

Zamani sheria ya hakimiliki ilikuwa fupi: usinakili kitabu cha mtu bila ruhusa yake. Vitabu vilipoingia kwenye kompyuta, Bunge likaongeza kifungu. Maktaba hiyo ikaruhusiwa kugeuza kitabu chochote kuwa sauti bila kumwomba mwandishi, mradi asikilize asiyeona peke yake, kwa neno lake la siri. Wachapishaji walinung'unika, kisha wakakubali kwa sharti moja. Vitabu vikivuja, kifungu kinafutwa, na vipofu wanarudi kungoja mtu mwenye nafasi awasomee.

Genge la Koti Jeupe lilivuta vitabu arobaini kwa siku, miezi saba mfululizo, kwa neno la siri la msomaji mmoja. Walitaka kuvipeleka nje ya nchi, wavunje kufuli za kompyuta zilizovifunga na kuviuza kama vyao. Mtandao wa mji ulikuwa unachungwa na Idara ya Ujasusi, basi wakarudi kwenye njia ya kale.

Begi na miguu.

Ghorofa ya tano. Risasi ilichimba ukuta, vumbi likamwingia Msumari machoni. Alichomoa bastola yake, Glock 19, lakini hakufyatua. Amri ilikuwa mtu hai, diski nzima. Diski ndiyo ushahidi pekee kwamba hakuna kufuli iliyovunjwa.

"Msumari," Mkuu alisema. "Maktaba wamempata mwenye neno la siri. Msomaji namba 417. Mfumaji wa masweta."

Akashusha sauti.

"Ni dada yako. Wanamleta hapa sasa hivi."

Mguu wa Msumari ulikosa ngazi.

"Ulijua lolote?"

Msumari alijifanya anahema.

Mwaka jana alimwomba dada yake neno lile, apate vitabu vya kumfukuzia usingizi kwenye lindo. Dada alicheka, akamwambia ana macho mawili mazima na bado anagombania mali ya vipofu. Kisha akampa. Ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na hakuzoea kumnyima. Alimwonya tu asimpe mtu.

Na kweli hakumpa mtu. Alivunja kioo cha simu yake ya Samsung, neno lile likiwa humo ndani, akaipeleka kwa fundi wa mtaani. Fundi akaomba namba ya kufungulia ili ajaribu kioo. Jasusi mzima, aliyeapishwa kutunza siri za nchi, akaitaja, akaenda zake kunywa chai.

Sasa alijua fundi aliuza nini.

Ghorofa ya tatu, pumzi zilimwishia Koti Jeupe. Bastola yake ilikuwa tupu, ameitupa. Aliegemea kingo, diski ameininginiza juu ya shimo la ngazi kwa vidole viwili. Alimtazama Msumari usoni kwa mara ya kwanza, akatabasamu.

"Kumbe ni wewe. Simu ile ilikuwa na picha yako, unakula keki na mama mmoja kipofu."

Msumari alishuka ngazi moja zaidi.

"Nipishe, kaka. Nikipita mimi, na siri yako imepita. Yule mama atagombezwa kidogo, basi. Nani atamfunga kipofu?"

Ngazi zilikuwa wazi. Mkuu alikuwa hasikii. Msumari alikuwa amekwisha kuzima redio ya sikioni. Hakukumbuka alivyoizima. Kidole kilifanya chenyewe, na hilo lilimchoma kuliko maneno ya mwizi.

"Nitakutaja," alisema Koti Jeupe.

"Nitaje."

Msumari akabonyeza kitufe cha saa yake ya Casio. Waya mwembamba uliruka, ukauma kifundo cha mkono wa yule mtu. Msumari akavuta. Koti Jeupe alianguka mbele kama gunia la mchele, na diski ikatua juu ya ngazi, katikati ya viatu vya Msumari.

Nzima.

Saa sita kasoro robo alikuwa ofisini kwa Mkuu. Mkuu alikuwa na furaha. Kufuli zote elfu nane zilikuwa salama, kifungu kitabaki. Kuhusu dada, alisema, mama yule ni mgumu kama jiwe. Ameulizwa mara tano na jibu ni moja: hakumpa mtu neno lile, labda alilitaja kwa sauti akifuma, jirani akasikia. Watamfutia kadi ya maktaba, aende nyumbani.

"Hakuna atakayeuliza zaidi," Mkuu alisema polepole, bila kumtazama. "Umenielewa?"

Msumari alimwelewa vizuri. Kufutiwa kadi maana yake dada akae na sindano zake kimya mpaka siku anaingia kaburini.

Aliweka Glock mezani. Akaweka kitambulisho. Kisha simu.

"Neno lake limo humo, Mkuu. Nililiweka mimi. Andika jina langu, kadi yake muiache."

Hakungoja jibu. Alipita ukumbini taratibu, akafungua mlango wa chumba cha mahojiano. Dada yake alikuwa kwenye kiti cha chuma, mikono mapajani, uso umeelekea mlangoni.

"Mdogo wangu," alisema. "Hatua zako hizo."

"Inuka, dada. Hicho kiti ni changu."

Dada alisimama, akapapasa hewa mpaka akaupata mkono wake.

"Kaa basi," alisema. "Nimeshakupashia moto."