Maji ya Kisima cha Zuena

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu tarehe 12 Machi 1951, jeneza la sita lilitolewa katika mtaa mmoja wa Temeke. Safari hii aliyekufa ni binti wa mfua nguo Mauwa. Homa ya matumbo, kama wale watano.

Bwana afya Leodegar alisimama kando, kofia mkononi. Katika daftari lake mlikuwa na nyumba kumi na tisa zenye wagonjwa, na zote zilichota maji katika kisima cha Mzee Mwinshehe. Lakini alikuwa pia na barua ya maabara, na barua ilisema maji ya kisima hicho ni safi.

Majirani walimshuku Salumu, muuza maji wa mkokoteni. Leodegar akamhoji.

"Unachota wapi?"

"Bombani, bwana. Kisimani sijapata kuchota."

"Wateja wako wanaumwa?"

"Hata mmoja. Waulize." Akawataja. Jina la mwisho lilimfanya Leodegar aache kuandika.

"Mzee Mwinshehe? Ana kisima uani, anunue maji?"

"Madebe mawili kila asubuhi, tangu mwezi jana."

Alasiri Leodegar alikwenda kumpa pole Mauwa. Aliomba radhi kabla ya kuuliza.

"Dada, maji ya kisimani unayaonaje ukifua?"

"Yana chumvi. Sabuni utasugua mpaka uchoke, povu hulioni."

Leodegar alitoa chupa iliyorudishwa na maabara, maji yakiwa yamebaki nusu. Alitia kipande cha sabuni, akatikisa. Povu likajaa mpaka shingoni.

Haya hayakuwa maji ya kisima. Alhamisi iliyopita alichota ya kisimani mwenyewe, akaipeleka chupa maabara mwenyewe. Aliiacha mara moja tu, robo saa, barazani kwa Mzee Mwinshehe, alipoingia kumtazama mgonjwa nyumba ya pili.

Akaenda huko. Mauwa akamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Alhamisi ulibadilisha maji ya chupa yangu. Ukatia ya Salumu."

Mzee aligeuka kukitazama kisima.

"Mvua ya mwezi jana ilibomoa shimo la choo changu, upande wa kisimani," alisema. "Maji yakaanza kunuka kidogo. Kisima hiki nilikichimba kwa ajili ya marehemu mke wangu, Zuena. Kila anayechota humwombea. Nikaona kikifungwa, hakuna atakayemtaja tena."

"Ukaniona nachota," Mauwa alisema, "ukanyamaza."

"Nilidhani yatajisafisha, mwanangu. Halafu watu wakaanza kufa, nikaogopa kusema."

"Bi Zuena nilimjua. Angekifunga mwenyewe siku ile ile."

Mzee Mwinshehe aliinuka, akaifungua kamba ya ndoo kisimani, akamkabidhi Leodegar. Kisha akavaa kanzu yake, akaanza kwenda kituo cha polisi kwa miguu, bila kungoja kupelekwa.

Leodegar alitafuta mbao na misumari. Alipoanza kuzipigilia mdomoni mwa kisima, Mauwa alichuchumaa upande wa pili, akamshikia mbao.