Chupa Isiyofunguliwa

Duka la manukato lilifurika watu siku ile, lakini mteja mmoja alisimama nje ya mlango, gauni la kijani limemkaa vizuri, leso puani. Alitaka chupa ya kumpelekea shangazi yake, na alitaka aletewe pale pale aliposimama.

"Dada, duka langu linanuka?" muuzaji akamtania.

"Linanukia mno, kaka. Ndiyo shida."

Mapenzi hayachagui mahali; yao yalianzia hapo mlangoni.

Mwanamke alikuwa mpimaji wa maji katika maabara. Alizamisha kijibomba cha utando mwembamba ndani ya maji ya visima; sumu, hata ikiwa chembe, hupenya utando na kujikusanya ndani, takataka nyingine zikabaki nje. Kisha mashine huichora sumu hiyo kama kilima kwenye karatasi. Kwa kazi hiyo hata losheni ni mwiko.

Muuzaji hakuambiwa hayo. Alimchanganyia mpenzi wake chupa ya manukato ya peke yake, akashukuriwa kwa busu. Wiki zikapita, chupa haijafunguliwa, na kila asubuhi ya kazi mwanamke alikwepa kukumbatiwa. Roho ikamuuma muuzaji. Akaamini msomi anamwonea haya muuza duka, akaacha kupiga simu.

Mwanamke ndiye aliyepiga. "Mpenzi, umeninunia?"

"Sijanuna. Sitaki tu kukuaibisha mbele ya wasomi wenzako."

"Njoo kazini. Lakini usimame mlangoni, kama mimi siku ile."

Alipofika, alionyeshwa karatasi kupitia kioo cha mlango. Ilikuwa ya maji safi ya kulinganishia, na mstari wake ulipaswa kuwa tambarare. Katikati palikuwa na kilima.

"Hiki ni wewe," mwanamke akasema. "Ulinishika bega tu, manukato yako yakapenya utando, nikarudia vipimo vyote. Niliogopa kukwambia kwamba kitu unachokipenda kuliko vyote, hapa kwangu ni uchafu."

Muuzaji akacheka, machozi yakamlengalenga. "Manukato ni ya pili, mpenzi."

Jumapili alifunga duka, akaoga maji matupu, akavaa shati lililofuliwa kwa sabuni isiyo na harufu, akaenda kumwomba awe mkewe. Mwanamke aliweka pua shingoni mwake, akavuta pumzi taratibu, asisikie harufu yoyote ila ya mtu wake. Akakubali.

"Na ile chupa?" muuzaji akauliza.

"Siku ya harusi niko likizo. Nitaimaliza yote."