Mawese si Dawa ya Freni

Kila asubuhi Bertin alifunga bidoni mbili, madumu ya mawese, kwenye kinga, yaani baiskeli yake, moja kushoto, moja kulia. Binti yake Divine, wa miaka tisa, alipanda nyuma. Kisha walishuka mlima hadi mjini Baraka, baba sokoni, mtoto shuleni. Mama wa Divine, Georgette, alibaki mlangoni akiwatazama hadi wapotee kwenye kona. Moyo wake ulitulia tu walipokuwa wamerudi.

Kinga ilikuwa mpya. Haikuwa na freni za mpira kama kinga za zamani. Ilikuwa na freni za diski, yaani sahani nyembamba ya chuma katikati ya kila gurudumu, na vipande viwili vidogo vya kuibana. Vipande hivyo huitwa plakete. Casimir, mfanyabiashara wa Baraka, ndiye aliyeiuza. "Hii inasimama mara moja!" alisema. Hakueleza kitu kingine. Wauzaji wetu ndivyo walivyo.

Mvua zilipoanza, kinga ikaanza kulia. Jumapili moja Bertin alimpeleka mke wake kanisani kwa kinga. Mama huyo alikuwa amevaa kikwembe, kitenge kipya. Walipofika mlangoni, Bertin alikamata freni. Kwiiii! Bamama wa kwaya waligeuka wote.

"Mama Divine, mumeleta nguruwe ya sadaka?" mmoja aliuliza. Walicheka hadi pasta akakohoa.

Georgette alirudi nyumbani amefura. "Sitachekwa tena juu ya kinga!" Bertin alipotoka kusalimia ndugu yake, yeye alichukua unyoya wa kuku, akauchovya katika mawese, akapaka diski zote mbili. Mlango ukilia si unapakwa mafuta? Mnyororo ukilia si unapakwa mafuta? Basi na freni. Alizungusha magurudumu. Kimya. Alifurahi, wala hakumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata mvua nyembamba ilinyesha. Kwenye mteremko Bertin alikamata freni. Kinga haikulia. Haikusimama pia. Alikamata kwa nguvu zake zote, lakini kinga iliongeza mbio. Mbele yake bamama walikuwa wanapanda na vikapu.

"Mutoke! Freni imekufa!"

Aliitupa kinga kwenye ukingo wa barabara. Bidoni zilipasuka. Divine alichanika goti, na muuguzi akamshona nyuzi nne.

Georgette alipoona lile goti, hakulia. Alifunga kitambaa kichwani. "Casimir atanijua leo!" Alishuka hadi Baraka kwa miguu, Bertin nyuma yake akisukuma kinga.

"Umetuuzisha kinga mubovu! Unauzisha kifo!" alipiga kelele mbele ya duka.

"Mama, punguza sauti. Batu banasikia."

"Basikie! Basikie bote!"

Jirani wa duka hilo alikuwa Immaculée, fundi wa kinga, mwanamke mwenye mikono myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Alikuja, akainama, akapangusa diski kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa chekundu. Akakinusa.

"Hii ni mawese. Nani alipakaa?"

"Si mi," Bertin alisema.

"Mi pia hapana," Casimir alisema.

Georgette alisogea mbele. "Ni mi."

"Weye?" Bertin alimkodolea macho.

"Ni mi. Nilitaka inyamaze. Nilikaribia kuua mutoto wangu na unyoya wa kuku!" Halafu akamgeukia Casimir, maana hasira yake ilikuwa haijaisha. "Na weye! Unauzisha kitu batu habakijue, halafu unanyamaza! Ungesema neno moja tu!"

Casimir aliangalia chini. "Mama, hata mi sikujua."

"Basi simama hapa, ujue leo."

Immaculée alieleza, nao wote watatu walisikiliza.

"Plakete inabana diski, gurudumu inasimama. Ukitia mafuta, inateleza. We unaweza kukamata samaki mubichi na mukono ya mawese?"

"Lakini ilikuwa inalia!" Georgette alisema.

"Ni maji na matope. Wakati ya mvua ni kawaida. Ukamate freni polepole mara tatu, mara ine, maji inatoka, kelele inapunguka. Ile kelele haiue muntu."

"Na ikilia hata siku ya jua?" Casimir aliuliza.

"Hapo mulete kwa fundi. Pengine plakete imeisha, chuma inakula chuma. Pengine visi yenye kukaza freni imelegea. Pengine muntu ametia mafuta."

Alitoa plakete. Georgette alitaka kuziosha kwa sabuni.

"Hapana, Mama Divine. Zimekunywa mafuta. Ni za kutupa."

Diski alizisafisha kwa alkoli ya famasi na kitambaa safi, bila kuzigusa. "Hata vidole viko na mafuta," alisema. Casimir aliingia dukani, akarudi na plakete mpya. Hakuna aliyemwomba.

"Sasa Baba Divine, nenda kwenye barabara ya sawasawa, yenye haina mulima. Kimbiza kidogo, kamata freni, achilia. Mara makumi mbili, plakete izoee diski. Kwenye mulima, anza kukamata mapema. Ukifika chini usiguse diski, inaunguza. Na mafuta ni ya munyororo peke yake!"

Siku kumi zikapita. Goti lilipona, lakini Divine alikataa kupanda. "Siende na hii kinga." Mvua ilikuwa inanyesha tena.

"Iko muzima," Bertin alimwambia.

"Kwanza mi," Georgette alisema.

Alipanda nyuma, katikati ya bidoni. Walishuka. Alikuwa ameshika shati la mume wake kwa mikono miwili. Pale ukingoni walipoangukia, Bertin alikamata freni. Kwiiii! Kinga ilipunguza mwendo, ikasimama. Georgette hakusema asante. "Rudilia." Walishuka tena kidogo, ikasimama tena.

Ndipo alipopanda mlima kwa miguu, matope hadi kwenye vigimbi, hadi pale mtoto aliposimama.

"Mama, nimesikia imelia."

"Ndiyo, imelia. Na imesimama. Twende, upande."

Divine akampa mkono.