Vitambaa vya Gobore

Rafiki yangu mmoja, seremala, alikatazwa na mama yake asiguse gobore la marehemu baba. "Mwenyewe hajaliacha," mama alisema.

"Basi na aje anizuie."

Akaenda nalo machimboni mchana kweupe, kutafuta kipimo cha baruti kitakacholenga sawasawa. Kila risasi aliifunga kwa kitambaa cha shuka jeupe. Kila alipofyatua, moshi ukamfunika, na humo moshini akasikia mtu akishindilia baruti nyuma yake, ko, ko, ko. Hakugeuka. Aliongeza baruti.

Risasi ya tano ilipiga katikati ya ubao aliousimamisha kuwa shabaha. Akaokota vitambaa vilivyoruka pamoja na risasi, aone jinsi vilivyoungua. Vilikuwa sita. Cha sita kilikuwa bado cha moto, kipande cha shati la mistari ya kijani alilozikwa nalo baba.