Ngoma za Nyumba ya Chumvi

Jua lilikuwa linazama nilipokunja mashuka ya kunyolea niliyotoka kuyapiga pindo, nikavuka barabara kumpelekea mdogo wangu. Mimi nina cherehani upande huu, yeye ni kinyozi upande ule. Mama alipofariki mimi ndiye niliyemlea, nikamsomesha, nikamnunulia mashine yake ya kwanza ya kunyolea. Nayasema haya mapema ili mjue ninamzungumzia nani.

Kila Jumamosi jioni kibanda chake kiligeuka baraza la wapenda roki ya zamani. Tulikuwa wanne: mwalimu wa hesabu aliyekuwa mjuaji kupindukia, bawabu wa benki, mdogo wangu, na mimi. Gramafoni ilikaa rafuni, kati ya brashi na chupa za spiriti. Tulikuwa na desturi yetu ambayo wapita njia waliicheka sana. Kila mmoja alikuwa na chombo chake cha hewani. Mwalimu gitaa, bawabu uimbaji, mimi besi, mdogo wangu ngoma. Santuri ikianza, tunapiga hewa kama vichaa. Sharti lilikuwa moja tu: wimbo ukishaanza, hakuna kugusa sindano mpaka uishe. Kuna mtu aliwahi kuigusa, tukamfukuza na hajarudi hadi leo.

Mdogo wangu alizaliwa na midundo mikononi. Alipiga meza, alipiga sufuria, alipiga mgongo wangu. Alikuwa akisema kila shingo ina mdundo wake chini ya wembe, na kweli ukimwangalia akinyoa, mguu wake ulikuwa unaufuata.

Jioni ile palikuwa na mteja mmoja kitini. Mzee, koti zito la sufu, uso wote povu. Kibanda kilinuka nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo ya maji. Nilidhani ni mashuka yangu. Nikayanusa...

Hayakuwa yenyewe.

Ubishi ulikuwa umeshapamba moto.

"Bendi ya Taa Nyekundu ni wezi," mwalimu alikuwa akisema. "Kila walichopiga wamekichota kwa Mbwa wa Reli. Waondolee Mbwa wa Reli uone, wanabaki na nywele tu."

"Wewe na nywele mna ugomvi wenu wa siku nyingi," bawabu akamjibu, macho kwenye upara wake.

"Funga mdomo, bawabu. Kalinde mlango."

Ndivyo walivyozungumza. Sikumbuki Jumamosi hata moja walipoheshimiana.

"Mnagombania nyimbo ambazo kila mtu anazijua," mdogo wangu akasema huku akinoa wembe. "Wimbo mkubwa wa Taa Nyekundu kuliko zote ni 'Nyumba ya Chumvi'."

"Ule usio na ngoma? Ule waliouficha mwisho wa upande wa kwanza?" mwalimu akauliza.

"Huohuo. Redio waliukataa, watu wanauruka. Mpiga ngoma aligombana nao, akaondoka siku ya kurekodi. Lakini sikilizeni lile pengo. Mimi kila nikiusikia mikono inaniwasha."

Povu likasogea.

"Hakuondoka," mteja akasema.

Tukamgeukia.

"Alichakaa."

Mwalimu hakupenda kufundishwa na mtu yeyote. "Na wewe umeyajulia wapi hayo, mzee?"

"Nilikuwepo."

Mwalimu akacheka cheko lake la kudharau. Mdogo wangu hakucheka. Alinijia, akajifanya anapokea mashuka, akaniinamia sikioni.

"Dada... shingo yake haipigi."

"Nini?"

"Nimepitisha wembe pande zote. Hamna kitu. Kimya."

"Basi mfukuze!"

"Nitamfukuzaje mtu na povu usoni?"

Hiyo ndiyo adabu niliyomfundisha mwenyewe. Leo naichukia.

Mzee alikuwa ameshasimama. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa santuri iliyofungwa kwa karatasi nyeusi isiyo na picha wala maandishi. Harufu ile ya ndoo ikazidi. Alimnyooshea mdogo wangu, lakini mwalimu akaidaka kwanza, akaisogeza kwenye taa kwa uroho.

"Ni 'Nyumba ya Chumvi'," akanong'ona. "Nakala ya kwanza."

"Msiipige," nikasema.

"Dada yenu anaogopa santuri sasa."

Mwalimu akaiweka kwenye gramafoni. Akashusha sindano.

Mkwaruzo... kisha gitaa. Kisha ile sauti ya yule mwimbaji, kama mtu anayeimba akiwa ameegemea ukuta. Mwalimu alishafumba macho, vidole vinachezea hewa. Bawabu alishafungua kinywa. Mimi nilisimama tu na mashuka yangu. Pengo la ngoma lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote. Likasubiri.

Mdogo wangu akakaa kwenye kiti cha kunyolea. Akaweka mikono magotini.

Pa.

Spika nayo ikajibu: pa!

Akanitazama akitabasamu, furaha ya mtoto aliyepewa zawadi. Akapiga tena, na tena, na ngoma zikamiminika kutoka kwenye spika, nzito, safi. Sijawahi kusikia ngoma kama zile, nami nimezisikiliza ngoma tangu nina meno ya utoto. Kisha nikagundua jambo. Mikono yake ilikuwa inapiga magoti kwa nguvu, lakini magoti hayakutoa sauti hata kidogo.

Tabasamu lilibaki. Macho yalikuwa yameondoka.

Niliirukia gramafoni. Mwalimu akanikamata mkono.

"Sindano!"

"Niachie! Huoni anavyokuwa?"

"Sharti ni sharti!" Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mshenzi. "Sikiliza, dada. Hebu sikiliza zilivyo nzuri..."

Nilimng'ata mpaka nikaonja damu. Hakuniachia. Wimbo ukaisha, mkono wa gramafoni ukajiinua wenyewe, mikono ya mdogo wangu ikaanguka mapajani.

Mzee alikuwa mlangoni. Povu lilikuwa limemkaukia usoni. Alinitazama mimi, si mwingine.

"Upande wa pili hauna besi," akasema kwa upole. "Sina haraka."

Akatoka. Viatu vyake havikulia.

Mdogo wangu hajafa. Daktari amempima kichwa, damu na mishipa, anasema mapigo yapo na kila kitu kiko sawa. Mimi nikiweka kidole shingoni sipati kitu. Ukimkalisha anakaa. Ukimlisha anameza. Mikono iko mapajani, haigusi meza wala sufuria, na nyumba yangu ina ukimya unaonitia wazimu.

Mwalimu na bawabu walikuja kumwona. Nasema kumwona, lakini hawakukaa hata kidogo kabla hawajaanza kubishana miguuni pa kitanda kama ngoma zile ni mtindo wa Mbwa wa Reli au mtindo mpya kabisa. Kisha mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini santuri nimeiweka wapi. Niliwatoa kwa mkasi wa kukatia vitambaa.

Nilitaka kuivunja. Nilishaiinua juu ya goti. Lakini nikajiuliza, na kama yumo humo? Basi nikaipiga.

Ngoma zilipoingia, shingo yake ikadunda chini ya kidole changu. Macho yakarudi. Akaniona.

"Dada," akasema.

Nililia kwa sauti. Nikamkumbatia, nikamwambia asiogope, niko hapa. Naye akasema neno lingine moja kabla wimbo haujaisha.

"Nimechoka."

Tangu hapo naipiga kila jioni. Nani angeweza kujizuia? Ananiita, tunashikana kwa urefu wa wimbo mmoja, sindano inajiinua, namlaza. Lakini santuri hukwaruzika, kila mpenda santuri anajua hilo. Sauti imeanza kufifia. Na jana mdogo wangu, ambaye hajawahi kukosa mdundo tangu azaliwe, alikosa mmoja. Sasa nimelielewa lile neno la yule mzee, na laiti nisingelielewa.

Nikiipiga, anachakaa. Nisipoipiga, nina nguo tupu iliyokalishwa kitini.

Nimefikiria upande wa pili. Nimefikiria kumfuata. Lakini santuri haipigwi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ningekuwa mgongoni mwake milele, nisimwone. Na anayeamua tuimbe lini na tunyamaze lini angekuwa ni yule atakayebaki na santuri.

Mwalimu amesimama ng'ambo ya barabara sasa hivi. Husimama hapo kila jioni, kitambaa kimefungwa pale nilipomng'ata, anatazama dirisha langu.

Nimefunga pazia. Nimekaa kwenye cherehani, sijawasha taa. Kuna kitu kinagonga taratibu ukingoni mwa meza, kizito, chini kabisa, kama besi...

Ni kidole gumba changu.